Shimo la Kaka Hamisi

Jacobs, Durban

Mama yangu,

Shikamoo. Goti likoje, na mafuta ya kuchua niliyotuma yamefika? Mimi mzima, kifua tu kinanisumbua kwa vumbi la msasa.

Nimepata maneno yako, kwamba nipeane mkono na Kaka Hamisi kabla ya Idi, la sivyo Mama Mkubwa hatakanyaga tena kwako. Nimetii. Ila sikiliza nilivyotii.

Unajua alichonifanyia mwanawe. Nilipofika hapa kwenye karakana ya boti alimwambia bosi kwamba huko nyumbani nilikuwa nikipaka rangi mitumbwi tu. Mimi, niliyefungua shafti za pantoni na marehemu baba tangu sijaota ndevu! Miezi minane nimesugua matumbo ya boti, yeye akiitwa fundi mkuu. Sikusahau hata siku moja, wala sikutaka kusahau.

Juzi ililetwa boti ya matanga, shafti ya propela imelika. Shafti hiyo haichomoki mpaka uondoe usukani, lile bapa la nyuma linalogeuza boti, na usukani hutokea kwa chini, na chuma chake ni kirefu. Kwa hiyo boti huinuliwa juu sana. Kaka akamwambia dereva wa kreni aiweke chini chini, apate kuifikia bila ngazi.

Nikasema, "Kaka, usukani hautapata pa kutokea."

Akanijibu mbele ya watu, "Eish, wewe shika msasa wako."

Nikashika msasa wangu.

Jana asubuhi akafungua nati zote. Usukani ukashuka shubiri mbili, ukagota kwenye changarawe. Bosi akauliza nani anajua la kufanya. Nikamwambia baba yangu alikuwa akichimba shimo chini yake, na mchimbaji huwa ni yule aliyeagiza boti iwekwe chini. Hilo la pili nililitunga mimi.

Na nisikufiche, Mama. Papa Ilunga, Mkongo anayeendesha kreni, alikuwa ameshaninong'oneza, "Ungojee tu, leo kreni iko kwa fundi, kesho asubuhi iko hapa, tutaipandisha boti." Nikamwambia, "Sharp, Papa," ndiyo sawa ya huku, na bosi sikumwambia.

Kaka akachimba mpaka alasiri, na kitambi chake kile, jua likimchoma kisogo. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilikaa juu ya ndoo nikimtazama, na nilifurahi kuliko siku niliyopata kazi. Usukani ulipotoka, shafti nikaichomoa mimi, bosi akiona. Jumatatu nitairudisha mimi, na msasa ataushika Kaka.

Nisalimie Bibi, dada Mwanaidi na mumewe, na maalimu wetu wa chuoni. Mama Mkubwa mwambie tumepeana mkono. Kaka alikuwa shimoni, limemfika kifuani, ameshindwa kutoka, akainua wake nimvute. Nikamaliza chai yangu kwanza, ndipo nikampa wangu.

Mwanao anayekutii,
Salehe