Kahawa ya Mama Mkwe na Filamu ya Marehemu

Mpendwa mshauri wetu Senga Kiconco, nakusalimu kwa heshima na naomba unisaidie, maana sina mwingine wa kumwambia, mume wangu nimemwambia akacheka, dada zangu wako mbali, na mama mkwe ndiye rafiki yangu mkubwa huku Kasese lakini jambo lenyewe linamhusu yeye.

Mimi ni binti wa afande, nimezaliwa kambini na kukulia kambini, nikaolewa na Masereka, Mukonzo wa Bugoye, na sasa tunakaa Bulembia. Kazi yangu ni kupiga picha. Nina kibanda cha picha za pasipoti kama wengine, lakini kinachoniletea watu ni picha za kamera ya zamani, zile nyeusi na nyeupe, watu wa harusi na ubatizo wanazipenda kufa. Sasa Senga, dawa ya kusafishia filamu haipatikani hapa, nikajifunza kwenye simu kwamba unaweza kutumia kahawa, unaikoroga na magadi, unaongeza vitamini C ya duka la dawa iliyosagwa na chumvi kidogo, inanuka vibaya mno, Masereka anasema ni kama mbuzi amekojolea jikoni, lakini filamu inatoka na nyuso za watu zinaonekana mpaka kope. Ninachoagiza Kampala ni ile dawa ya mwisho tu, ya kuzuia picha isifutike.

Mama mkwe wangu analima kahawa, na si kahawa ya mchezo, anachuma nyekundu tupu, anaanika mwenyewe, anakaanga mwenyewe, anatwanga mwenyewe. Aliposikia natumia kahawa ya kopo, ile ya unga wa kuyeyuka kwenye maji, alipanda boda kutoka Bugoye na mfuko mapajani akaingia kwangu hata hodi hakupiga. Tunaongea Kiswahili, cha kwake alikiokota soko la Bwera, ambako kununua wanasema kuuza, na mimi Lhukonzo, lugha yao, bado inanishinda. "Mutoto yangu," akasema, "watu ya Bugoye beko wanalima kahawa, na wewe unauza kahawa ku duka? Batatucheka! Kamata hii. Iko ya nguvu."

Nikaijaribu siku hiyo hiyo kwa moyo wote, Senga, na filamu ikatoka hafifu, watoto wa jirani niliokuwa nimewapiga picha huwezi kujua nani ni nani, nikasoma tena nikakuta kumbe kahawa nzuri ya milimani ndiyo dhaifu kwa kazi hii, filamu inataka ile chungu ya ovyo ambayo mtu mwenye ulimi hamalizi kikombe. Jioni mama akapiga simu: "Imetoka?" Nikasema, "Imetoka mama, vizuri sana." Ningesema nini? Alivyofurahi! "Wasingya," akasema, yaani asante, wakati mimi ndiye niliyepaswa kushukuru.

Tangu hapo kila msimu ananiletea ile bora anayoitenga kabla ya kuuza, nasi tunakunywa, tunagawia majirani, Masereka anakunywa mpaka usingizi unamkimbia, na mimi naendelea kununua kopo na kulificha chini ya beseni. Mama akipiga simu nasema imetoka vizuri. Kanisani kwao anawaonyesha watu picha zangu na kuwaambia zimesafishwa na kahawa yake. Nampenda, Senga, ndiyo maana nashindwa.

Sasa sikia. Mwezi uliopita Masereka alienda kumtengenezea mama paa, wakafungua sanduku, wakakuta kamera ya marehemu baba mkwe, Asanasio, imefungwa kwa kitenge na filamu imo ndani, haijasafishwa miaka yote hii. Baba alifariki Masereka akiwa mdogo sana. Alikuwa ndiye mpiga picha wa ukoo, kila mtu ana picha aliyopigwa naye, lakini ya kwake mwenyewe hakuna hata moja, hata kitambulisho kilipotea. Mama anasema siku moja alimnyang'anya kamera, akamsimamisha mlangoni akampiga picha yeye, kisha baba akaugua na ile filamu haikutolewa tena. Kwa hiyo uso wa baba uko mle au haupo popote. Masereka haukumbuki. Anajifanya kucheka, lakini nimemkuta peke yake ameshika ile kamera.

Mama anakuja Jumapili hii na kahawa yake. Amesema, "Bwana yangu atatoka mu kahawa yangu, na mimi niko nasimama hapo naona." Filamu ni moja, tena ya zamani, haina kurudia. Nikitumia kahawa yake, uso unaweza kupotea kabisa, na nikitumia ya kopo kwa siri nitakuwa nimemwibia. Masereka anasema nibadilishe tu, nimwage ya kopo kwenye mfuko wake, mama hatajua, lakini atajua, yake ina mashapo na ya kopo haina. Nikisema ukweli nitakuwa mwongo wa misimu mitatu mbele ya mtu aliyenipokea kama binti yake wakati ukoo mzima unauliza kwa nini Masereka ameoa mtoto wa kambini. Nifanye nini, Senga? Usitaje jina langu, tafadhali.

Mkamwana, Bulembia

*

Mkamwana,

Jina lako sitaji, lakini hebu niambie, Bugoye kuna mama wakwe wangapi wanaotembeza picha kanisani na kusema ni kahawa yao? Gazeti hili likifika huko asubuhi, mchana hautafika kabla hajajijua. Ndiyo maana nimekutumia jibu kwa simu kabla halijachapishwa. Lisome, vaa viatu, nenda.

Pole kwanza. Uongo wako ulianza kwa upendo, naujua. Wengi wetu tumesifia chakula cha mama mkwe huku tunatafuta maji ya kumezea. Lakini sifa ya chakula huisha na sahani. Ya kwako umeiacha misimu mitatu, mama wa watu anatenga kahawa yake bora ambayo angeiuza, na wewe unagawia majirani! Hapo ulikosa adabu, binti wa afande.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba umemfanya mtoto. Mwanamke aliyezeeka na kahawa anajua ya mlimani si ya bondeni, anajua ya kivulini si ya juani, na wewe unaogopa kumwambia kahawa zinatofautiana? Mwambie yake ni ya kunywa na filamu inataka ile mbaya, uone kama hatacheka mpaka ashike mbavu. Kahawa haitamuuma. Kitakachomuuma ni zile simu za "imetoka mama, vizuri sana." Kwa hiyo anza na hizo.

Nenda peke yako. Masereka mwache nyumbani, ataleta mzaha, na mwambie nimesema wazo lake la kubadilisha mfuko ni wazo la mwizi wa kuku. Beba ile filamu hafifu ya watoto wa jirani na nyingine iliyotoka vizuri. Ukifika usisimame mlangoni ukijieleza, ingia jikoni, kaa chini, sema, "Mama, nilikudanganya," umweleze yote. Atafoka? Na afoke! Usilie ili akuhurumie, na neno "lakini" liache Bulembia. Akimaliza, ziinue filamu zote mbili kwenye mwanga wa dirisha aone kwa macho yake. Akitaka ushahidi zaidi, mpige picha yeye mwenyewe kwa filamu mpya, uikate vipande viwili, kimoja kwa kahawa yake na kingine kwa ya kopo, naye asimame hapo akiona, kama alivyosema.

Sasa filamu ya Asanasio. Wewe na Masereka mnabishana juu yake kana kwamba ni yenu. Siyo yenu. Aliyepiga ile picha ni mama mkwe wako, na aliyesimama mlangoni ni mume wake. Mwambie mara moja tu unavyoona wewe, kwamba ya kopo ndiyo salama. Nimemuuliza pia Zedekia, anayesafisha filamu hapa mjini tangu ujana wake, akasema mama akichemsha yake na kuichuja vizuri, inaweza kuwa ndiyo maji ya kukorogea ile ya kopo, na filamu isidhurike. Natumaini atakubali. Akikataa, akasema, "Ni kahawa yangu tupu au basi," funga mdomo. Koroga yake, nzito kadiri uwezavyo, na umsafishie kwa mkono ule ule ambao ungesafishia ya kopo. Ni haki yake hata akikosea.

Na kuna jambo limenikaa rohoni tangu niliposoma barua yako. Umeandika kwamba uso wa baba uko kwenye filamu au haupo popote. Si kweli, mwanangu. Uko Bugoye, kwa mwanamke aliyeishi naye, akamuuguza, akamzika. Katika barua yako ndefu sijaona mahali ambapo wewe au mumeo mlimuuliza mama alifananaje. Basi Jumapili, kabla hujaifungua ile kamera, mkalishe Masereka karibu na mama yake, amuulize yeye mwenyewe. Filamu itangoja.

Senga Kiconco