Mgongo wa Maringo

Nyumba ya Nyuma ya Mabanda,
Chumba cha Pili.
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa mjukuu wangu, mchumba niliyenyimwa,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko nafasi ya karatasi hii. Hujambo huko uliko? Kile kikohozi kimekuachia? Unakula vizuri, au bado unaishi kwa chai na mkate kama mfungwa? Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto linalia kama bawaba, la kulia linaitikia. Bibi yako ni mzima wa afya. Yupo hapa ananishonea kifungo na kunitazama kwa jicho la pembeni, maana nimekuwa kimya tangu asubuhi, na mimi nikikaa kimya yeye huenda kuangalia sukari kama bado ipo.

Bahasha hii utaiona nzito. Ndani kuna kitu nimekifunga kwa kipande cha soksi. Soksi ni safi, usikunje pua. Usikifungue mpaka ufike mwisho wa barua. Nakujua, vidole vyako vina haraka tangu ulipozaliwa. Kiweke mezani, ikalie mikono yako, usome.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na darasa langu la nne unalijua, kwa hiyo hizo mara tatu ni kazi ya jioni tatu. Umesema mkanda wa mazoezi wa Maringo niuchague mimi, kwa sababu hapa humwamini mtu mwingine. Maneno hayo yalinivimbisha kichwa kwa siku mbili. Nilimsomea bibi yako, akasema huyo mtoto yuko mbali mno, amesahau.

Basi habari zenyewe ni hizi. Unakumbuka farasi wako ulivyomkuta ulipokuja kututembelea mara ya mwisho, kichwa juu kama mtu anayetafuta nani kamwita, mgongo umebonyea kama kitanda cha kamba kilicholegea. Tukamwita Maringo, tukacheka. Nilikuwa nikimwogesha, maji yanatuama pale mgongoni kama kwenye sahani, namwambia subiri, nioshee na vijiko.

Mwezi wa nne daktari wa mifugo alikuja akampapasa, na kucheka kukaisha. Alisema misuli ya chini ya shingo imetuna na ya mgongoni imelala, na kila anayempanda anamuumiza. Asipandwe. Azungushwe mduara kwa kamba ndefu, amefungwa kitu cha kumfundisha kushusha kichwa na kuinua mgongo. Yeye atarudi tarehe mosi Julai, na kama mgongo utakuwa haujainuka, Maringo hatabeba mtu tena. Tajiri, mwenye mabanda, akasema hapo hapo kwamba banda lake si nyumba ya kulelea wazee, huku ananiangalia mimi. Farasi asiyebeba mtu ataondoka. Anakokwenda farasi kama huyo unakujua na mimi nakujua, tusikuandike.

Kazi ya kumzungusha Tajiri alimpa mwalimu mpya, binti mmoja niliyempa jina la Buti. Buti zake zinang'aa mpaka Maringo alijiangalia humo. Mimi mtu wa farasi mwenye buti safi simwamini. Nilijiuliza, huyu mavi huyakanyaga wapi? Na hakuja na mkanda mmoja, alikuja na mfuko mzima wa mikanda. Nikasema moyoni, hapa pana jambo.

Wa kwanza ulikuwa jozi ya mikanda ya pembeni, kutoka lijamu, kile chuma cha mdomoni, mpaka kwenye mkanda wa tumbo. Maringo akavuta kidevu kifuani kama mtu anayeficha kicheko msibani. Kwa mbali alipendeza. Lakini mimi nilizunguka nyuma nikatazama mgongo, na mgongo ulikuwa umelala usingizi wake ule ule. Nilimwambia Buti, "Mama, umemfunga kichwa, mgongo haujaambiwa kitu." Akanijibu, "Ndiyo maana tunajaribu, babu." Jibu laini namna ile liliniongezea wasiwasi.

Wa pili ulikuwa na makapi, vile vigurudumu vya kuvutia mizigo, na kamba inayopita nyuma ya mapaja. Ukitazama utadhani wanataka kumtweka kama gunia la saruji. Maringo alipiga hatua nne, akaona kamba imemgusa mahali asipoguswa na mtu, akatupa mateke mpaka kofia yangu ikaenda kwa jirani. Huo tuliukataa wote watatu, mimi, Buti na Maringo.

Wa tatu ni wa mpira. Unatoka kwenye mkanda wa tumbo, unapita katikati ya miguu ya mbele, unapanda mpaka nyuma ya masikio, unashuka mpaka kwenye lijamu. Farasi akiinua kichwa unamvuta kidogo. Akishusha unalegea wenyewe. Eti hukumu ipo mdomoni mwake mwenyewe. Sikuamini. Kitu kinachojilegeza chenyewe ni cha kuchunguza. Kwa hiyo Buti alipokwenda kunywa chai niliuchukua, nikaufunga kwenye mkanda wa suruali, nikaupitisha kisogoni, na mwisho wake nikauuma kwa meno yaliyobaki. Nikaanza kutembea mduara uani. Ni kweli, ukiinua kichwa unakuvuta, ukiinama unapumua. Nilikuwa mzunguko wa tatu, mgongo wangu umeanza kunyooka vizuri, niliposikia sauti ya bibi yako mlangoni: "Mzee, nani amekununua?" Nilitaka kumjibu, nikaachia meno, mpira ukanichapa sikio. Mpaka leo akinipikia uji ananiuliza kama naula kwa hatamu au bila.

Sikio lilipoacha kuwaka nilikata shauri: wa mpira ndio mkanda wetu. Dakika ishirini, mara tatu kwa wiki, bila haraka. Buti akakubali bila ubishi. Hapo nikazidi kumshuku. Mtu anakubalianaje na mimi siku ya kwanza?

Sasa sikiliza. Siku mbili baadaye nilimkuta Buti ndani ya banda la Maringo, peke yake, ana futi ya kupimia. Anapima ukuta, anaandika kwenye karatasi. Aliponiona alikunja karatasi haraka na kuitia mfukoni, akaniuliza, "Babu, huyu anakula wapi?" Mimi nikamjibu, "Mdomoni." Mtu anapima chumba kwa sababu gani, kama si kumwingiza mpangaji mwingine? Nikajumlisha: buti zinazong'aa, mfuko wa mikanda, karatasi mfukoni, Tajiri na maneno yake ya nyumba ya wazee. Nikapata jibu langu. Walishakubaliana. Wanamzungusha Maringo kwa macho ya daktari tu, nafasi yake imeshapata mwenyewe.

Nilikwenda kwa Tajiri moja kwa moja, kofia kichwani, sikubisha hodi. Nikamwambia mwalimu wako anapima mabanda kwa siri, na kama wewe humo njamani, basi anakuzunguka. Tajiri ni mtu wa kushtuka upesi. Akamzuia Buti asimguse Maringo mpaka yeye mwenyewe, aliyekuwa akiondoka siku hiyo, atakaporudi safari. Siku nane, mjukuu wangu. Siku nane katika siku chache zilizobaki, na nilizichoma mimi kwa ulimi.

Katika siku nane hizo nilimzungusha mwenyewe. Kwenye mduara alikuwa anashusha kichwa vizuri kabisa, anapuliza pua, mimi najipongeza. Nikimrudisha bandani, baada ya muda mfupi shingo iko juu tena, mgongo chini. Kila siku nilianza pale pale nilipoanzia jana. Nikasema amerogwa. Nikakagua alikopita Buti, nikanusa ndoo ya maji, nikapekua nyasi. Kila kitu nilikishuku isipokuwa kimoja.

Tajiri aliporudi alituita wote bandani, mimi, Buti na Maringo. "Semeni mbele yangu," alisema. Buti akatoa ile karatasi. Ilikuwa na namba moja tu, urefu wa kutoka chini mpaka kwenye pete ya chuma ya ukutani, ile inayoning'iniza wavu wa nyasi. Hakupayuka. Aliniambia, "Babu, naomba unichotee nyasi kidogo hapo wavuni." Nikanyoosha mkono, sikufika. Nikasimama kwa vidole vya miguu, nikarudisha kichwa nyuma, nikabonyeza kiuno, ndipo nikapata majani mawili. Akasema, "Kaa hivyo hivyo kidogo." Nikakaa, goti linalia. Kisha akamwambia Tajiri, "Mimi namfundisha dakika ishirini. Pete hii inamfundisha kutwa kucha. Farasi anatakiwa kula akiwa ameinama. Mabanda mengine pete ziko chini, ni hili peke yake." Alikuwa ameficha ile karatasi kwa sababu alitaka kwanza aniulize mimi faraghani, asiniaibishe.

Tajiri akauliza, "Nani aliipiga huku juu?"

Mjukuu wangu, nilisema ni marehemu saisi, yule mtunza farasi aliyenitangulia. Nilimsingizia mtu aliyelala zake, hana hata uwezo wa kunitukana. Yakanitoka hivi hivi, kama mate.

Ukweli niuandike hapa. Nilipokuwa kijana, kwenye mabanda mengine, farasi mmoja mweusi alitia kwato kwenye wavu uliofungwa chini. Alivyohangaika kujitoa alivunja mguu mbele ya macho yangu. Tangu siku ile wavu wa chini siuwezi. Wewe uliponiachia Maringo, ukaning'inia shingoni mwangu na kuniambia "Babu, nakukabidhi," siku ile ile nilichukua kigoda na nyundo, nikaing'oa pete ya chini. Nikaipigilia pale ambapo kwato isingefika. Kisha nikaongeza shubiri mbili, kwa sababu alikuwa wako. Farasi wa watu wengine nimewaachia pete zao chini. Wako tu ndiye niliyempenda zaidi, na ndiye aliyebonyea.

Nilijaribu kujisafisha kwa njia za pembeni. Siku iliyofuata niliona buti za binti zimeachwa mlangoni, nikazichukua nikazisugua mpaka nikajiona uso. Alipozivaa akanusa, akaniambia, "Babu, umenipaka mafuta ya kwato." Kweli, kopo ni la rangi moja. Alicheka, nami nikacheka, nzi wakamfuata wiki nzima. Lakini deni lile halikulipika kwa mafuta ya kwato, nililijua.

Nyasi za Maringo sasa ziko chini, kwenye beseni pana la mpira, halina wavu wala tundu la kunasa mguu. Kitu chepesi hivyo, na mimi kwa miaka minne sikukifikiria. Buti amerudi kazini. Mpira ule ule wa tatu, dakika zile zile ishirini, na safari hii shingo ikirudi bandani inabaki chini, kwa sababu chakula kiko chini. Mimi nimekaa kwenye kigoda changu, nashuku kwa mazoea tu. Bado naona anamvuta kamba kwa mkono laini kupita kiasi. Nitaendelea kumchunguza, ila sasa nabisha hodi.

Leo asubuhi nilimwogesha Maringo. Nikammwagia ndoo, nikasubiri, kama kawaida yangu. Maji yalishuka upande huu na upande huu. Pale mgongoni yalibaki ya kujaza kijiko kimoja tu, mjukuu wangu, kijiko kimoja cha chai. Nikasimama na ndoo yangu tupu. Tarehe mosi bado, na daktari yule hapendezwi na kitu, huenda kijiko hicho nacho akakiona ni kikubwa. Sikuahidi lolote.

Nilipoiweka ndoo chini nilikwenda kwa Tajiri. Nilivua kofia. Nikamwambia marehemu hakugusa pete, niliipiga mimi, na Buti nilimsingizia mimi, na kama kuna mtu wa kuondoka kwenye mabanda haya, basi aanze na mimi, si farasi. Akasema atatujibu tarehe mosi, mimi na Maringo pamoja. Ndiyo maana nimenyamaza tangu asubuhi. Bibi yako bado anadhani ni sukari, nitamweleza nikiziba bahasha hii.

Mama yako mdogo anakusalimu, anauliza kama koti lilikutosha. Bibi yako anasema ule, ulale, na usiniamini kwa lolote. Buti naye nilimwambia nakuandikia, akasema nikupe salamu zake, na kwamba farasi wako ana moyo mzuri. Hilo sikulishuku.

Mungu akulinde huko, akupe afya na watu wa kweli wa kukuzunguka, na akurudishe kwetu ukiwa na miguu ya kupandia farasi.

Sasa fungua soksi. Hiyo ndiyo pete yenyewe, nimeing'oa kwa mikono hii hii iliyoipiga. Ikae kwako. Ukiona bado unaweza kuniachia Maringo wako, irudishe kwa posta, nami nitaipigilia kwenye ukuta wa chumba changu, chini kabisa, nitundike kofia yangu humo, niiname kila asubuhi ninapoivaa.

Wako akupendaye, anayesubiri posta kuliko anavyomsubiri daktari,

Babu yako.