Huenda Wamekamua Rubisi

Mabira,
9 Machi 1987

Mpendwa mdogo wangu Anonciata,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini u mzima na wasichana wako hapo Bweranyange hawajambo. Sisi tuko salama, kahawa imeanza kutoa maua, na wifi yako anakusalimu.

Salamu zimekwisha. Jana Mukakalisa aliingia hapa na sanduku lake la bati kichwani, miguu imemvimba. Mkononi ana karatasi yenye mstari mmoja: amefukuzwa shule kwa kuiba majibu. Chini kuna saini yako na mhuri.

Anonciata, huyu ni mtoto wa Nyiransabimana, anayeishi nyumba ya nyuma na kutupalilia kahawa tangu wewe hujaenda chuo cha ualimu. Amekua na Immaculata wangu, wanalala kitanda kimoja. Januari niliwaleta kwako wote wawili siku moja ukawapokea kwa furaha. Nimewafundisha hesabu mwenyewe darasa la saba, nawajua vichwa vyao.

Mtoto halii. Amekaa jikoni anamenya ndizi tu. Mama yake hajui kusoma, akaniomba nimsomee ile karatasi, nikaona aibu kama vile nimeiandika mimi. Nataka maelezo, mhuri nimeshauona.

Kaka yako,
Projest


Bweranyange,
16 Machi 1987

Kaka Projest,

Shikamoo. Mimi mzima, na Immaculata mzima, anakula vizuri. Mpe wifi salamu zangu.

Hatuna mwalimu wa hesabu mwaka huu, kwa hiyo Kidato cha Kwanza nawafundisha mwenyewe. Tulikuwa kwenye kauli za "kama… basi". Nilitunga jaribio, na swali moja nililiandika kwa Kiswahili makusudi, nipime akili na si Kiingereza: "Mvua ikinyesha, uwanja wa nyumba hulowa. Leo uwanja wa nyumba umelowa. Je, mvua imenyesha?"

Karibu darasa zima waliandika ndiyo, imenyesha. Niliwakata alama wote. Nimewaimbia wiki mbili kwamba mvua inatupa uwanja uliolowa, lakini uwanja uliolowa hauturudishi kwenye mvua. Waliopata ni wawili. Immaculata aliandika: "Hatuwezi kujua. Huenda wamekamua rubisi." Mukakalisa, aliyekaa dawati la pembeni yake, aliandika: "Hatuwezi kujua. Huenda wamekamua rubisi." Neno kwa neno! Kaka, nani anawaza pombe ya ndizi katikati ya jaribio la hesabu?

Mwanafunzi akimwibia mwenzake, majibu hufanana. Majibu yamefanana. Basi ameiba. Na nani kamwibia nani halikunisumbua sana: mmoja ni mtoto wa mwalimu, mwingine ni mtoto wa kibarua kutoka nchi ya ng'ambo ya mto. Shule hii bado changa, nikianza kulea wizi itakufa mikononi mwangu. Nakuomba usiingize undugu kwenye kazi.

Mkuu wa Shule,
Anonciata


Mabira,
Jumamosi, 21 Machi 1987

Mdogo wangu, maana u mdogo wangu hata ukinisainia "Mkuu wa Shule",

Leo sikuulizi hali. Nitakuuliza siku hasira ikinipungua.

Nakuandikia nimekaa mlangoni na miguu yangu bado inanata, nimetoka kukanyaga ndizi sasa hivi. Jua ni kali, wingu hakuna, na uwanja mzima umelowa chapachapa. Umesahau? Jumamosi baba alikuwa anakamua hapa, na sasa nakamua mimi. Mpaka walipokuja kwako, Immaculata alikuwa akichota maji, Mukakalisa akimimina na kuosha mtumbwi wa kukamulia, na maji yakitiririka mpaka mlangoni kwa Nyiransabimana. Wewe mwenyewe uliteleza kwenye uwanja huu siku ya kipaimara chako ukavunja jino. Tabasamu mbele ya kioo utaliona pengo. Halafu unaniuliza nani anawaza rubisi! Kila aliyelelewa nyumba hii anawaza rubisi! Swali kama lako niliwauliza hapa hapa mwaka jana, ndoo zikiwa mikononi mwao, na jibu walilitoa kwa pamoja huku wanacheka.

Sasa soma barua yako mwenyewe. Mvua ikinyesha uwanja hulowa, uwanja umelowa, basi imenyesha: kwa hilo uliwakata alama watoto wa watu. Mmoja akiiba majibu hufanana, majibu yamefanana, basi ameiba: hilo hukulikata alama, umelipigia mhuri. Mtoto ameliona kosa, mwalimu ameshindwa kuliona, na aliyefukuzwa ni mtoto.

Na hilo la ng'ambo ya mto limenichoma zaidi. Mukakalisa amezaliwa Mabira. Aliyempokea tumboni mwa mama yake ni mama yetu mimi na wewe. Huoni aibu kuandika maneno kama hayo kwa mkono uliofundishwa na wazazi wale?

Nami nakupa kauli yangu: kama Mukakalisa harudi darasani kabla ya Pasaka, basi Immaculata naye atarudi nyumbani.

Kaka yako,
Projest


Bweranyange,
30 Machi 1987

Kaka,

Shikamoo, ingawa wewe hukuona haja hata ya kunijulia hali.

Unanifundisha hesabu mimi? Nilikuwa nakuficha jambo nisikuumize, sasa umenilazimisha. Kabla ya kuandika ile karatasi nilimwita Immaculata ofisini. Nilimuuliza kama Mukakalisa alichungulia karatasi yake. Alisema ndiyo. Mwanao, kwa kinywa chake.

Muulize. Ukishamaliza, uniandikie tena habari za jino langu.

Mdogo wako,
Anonciata


Mabira,
20 Aprili 1987

Anonciata,

Pasaka imepita. Jumatano Kuu nilipokuja na baiskeli kumchukua Immaculata ulikuwa "kwenye kikao". Niliona viatu vyako chini ya pazia la ofisi.

Tulipofika kilimani, nikisukuma baiskeli, ndipo alipoanza kulia. Ulimuuliza kama mwenzake alichungulia, akasema hapana. Ukamuuliza tena, akasema hapana. Ukatoa fimbo kabatini ukailaza mezani, ukauliza tena. Hapo ndipo uliposikia ndiyo uliyokuwa unaitafuta.

Kama mtoto ameona wizi, atasema ndiyo. Amesema ndiyo. Basi ameona? Huenda ni fimbo, Anonciata! Huenda ni fimbo!

Na mwanangu sijamwachia. Nimemwambia hofu yake naielewa lakini aliyeumia ni dada yake. Nilimpeleka shambani kwa Nyiransabimana akaseme mwenyewe. Mama wa watu alikuwa anapalilia, akaendelea kupalilia mpaka mtoto alipomaliza kusema. Kisha akaniangalia mimi, si Immaculata, akasema: "Mwalimu, mimi nilijua siku ile ile kwamba mwanangu hakuiba. Nilikuwa nawangoja ninyi mjue."

Nilichukua jembe nikapalilia naye mpaka mwisho wa mstari.

Projest


Bweranyange,
8 Mei 1987

Kaka Projest,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo. Huku mvua ni nyingi, wasichana wawili wana malaria lakini wanaendelea vizuri.

Kama unavyojua, nilimtuma mlinzi wetu kumchukua Mukakalisa, na tangu Jumatatu yuko darasani. Nimeliambia darasa kwamba yalikuwa makosa ya ofisi na yamekwisha. Umepata ulichotaka. Ulisema kama harudi, Immaculata atatoka. Amerudi, basi mlete Immaculata, anapitwa na masomo, na walimu wenzangu wameanza kuniuliza mtoto wa kaka yangu yuko wapi.

Umeniandikia maneno makali kuliko aliyowahi kuniambia mtu yeyote. Nimeyameza. Tuyaache hapo.

Mdogo wako,
Anonciata


Mabira,
13 Mei 1987

Mdogo wangu,

Poleni na malaria. Sisi hatujambo.

Chukua barua yangu ya Machi uisome polepole, kama unavyowaambia wanafunzi wako. Nilisema kama Mukakalisa harudi, Immaculata atatoka. Akirudi je? Sikusema. Hayo umeyasoma kichwani mwako, hayapo kwenye karatasi. Umeteleza tena, na uwanja ni ule ule.

Makosa ya ofisi! Ofisi ina mdomo? Aliyemwita Mukakalisa mwizi mbele ya darasa ni wewe. Unajua ametuma salamu gani kwa mama yake kupitia mlinzi wako aliyeniletea barua? Kwamba ni mzima, chakula ni kizuri, na akikaa kwenye dawati wenzake wanafunika madaftari. Umemrudisha akiwa mwizi aliyesamehewa. Mimi nilitaka arudi akiwa mtoto ambaye hakuiba.

Immaculata atakuja Jumatatu kwenye baiskeli ya mwalimu mwenzangu Theoneste. Hatakaa kwenye dawati kwanza. Atasimama mbele ya darasa aseme kwamba alidanganya kwa kuogopa. Analia, lakini amekubali. Swali langu ni moja: mtoto atasimama peke yake?

Safari hii naandika pande zote mbili usije ukakosea. Ukisimama naye ukasema la kwako, mwanangu atabaki kwako na yameisha. Usiposimama, Theoneste yuko getini, atampakia arudi naye siku hiyo hiyo, na zile Jumamosi zako za kuja kututembelea usizilete tena hapa.

Kaka yako,
Projest


Bweranyange,
19 Mei 1987

Kaka,

Shikamoo. Wagonjwa wetu wamepona.

Baiskeli ya Theoneste imerudi bila mtu nyuma, kwa hiyo unajua kwamba nilisimama. Yaliyobaki huyajui.

Immaculata alisema yake vizuri. Kisha nikasema yangu. Niliandika swali la mvua ubaoni, na chini yake nikaandika nilivyofikiri mimi kuhusu Mukakalisa, mstari kwa mstari. Nikawauliza kosa liko wapi. Wale wale niliowakata alama walinyoosha mikono wote. Kaka, nilikuwa na hasira na wewe katika kila neno nililoandika pale, na sitakudanganya, bado ninayo. Lakini nililisema lote, hata lile la ng'ambo ya mto, na hilo ndilo lililonitoa machozi.

Nikamgeukia Mukakalisa nikamwomba radhi. Nikamuuliza kama amenisamehe. Alisimama wima, mikono nyuma kama tunavyowafundisha, akaniangalia.

Akasema, "Hatuwezi kujua, Mwalimu."

Hakuna aliyecheka. Alikaa akafungua daftari lake, na msichana wa dawati la mbele akageuka kumwazima rula.

Jumamosi nakuja. Nitaanzia mlangoni kwa Nyiransabimana.

Mdogo wako,
Anonciata