Baba Analiosha Gari Langu kwa Gunia

Bi. Karambu, mshauri mpendwa,

Pokea salamu kutoka Karurumo. Naomba unisaidie, na naomba usinicheke, maana jambo lenyewe likisemwa harakaharaka linachekesha, na hata mke wangu Rwamba alicheka mwanzoni, lakini sasa hakuna anayecheka hapa kwetu, kwa sababu mzee wangu hajakanyaga kwangu tangu juma lililopita na chakula anachopelekewa kinarudi kama kilivyoenda.

Mimi naitwa Njeru, nafanya kazi katika ofisi ya wapimaji wa ardhi mjini Embu, na tangu nikiwa kidato cha pili nimekuwa na ndoto moja ambayo watu wa kwetu waliiona ya kitoto, nayo ni kuwa na gari la spoti, si la kubebea viazi wala la kuazimwa na kila mwenye harusi, bali gari la chini, la milango miwili, linalonguruma ukiliwasha, na kwa ajili yake nimejinyima miaka mingi, nikajenga kwanza, nikasomesha kwanza, na mapema mwaka huu likashuka Mombasa kutoka Japani, la buluu iliyokolea, rangi inayong'aa hadi ukilitazama jioni unaona mibuni ya jirani ndani yake. Nilikuwa nimejifunza kulitunza kabla halijafika. Najua kwamba linaoshwa kivulini, kwa ndoo moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia, kwa glavu ya sufi na shampuu yake maalum, kisha linakaushwa kwa taulo laini bila kusuguliwa, na injini haimwagiwi maji hata siku moja. Barabara ya kushuka kwa wazazi wangu sijawahi kulipitisha, maana ni mawe matupu na mvua ikinyesha ni tope, na gari lenyewe liko chini mno, kwa hiyo linakaa kwangu huku juu karibu na lami.

Mama yangu alilipanda mara moja tu. Nilitaka liombewe kanisani kama watu wengine wanavyofanya, na kwa kuwa nafasi ya maana ni ile moja iliyo kando ya dereva, baba akasema, "Wewe peleka mama, mimi nitatembea." Mama alipanda kilima cha kuja kwangu, baba nyuma yake, akafika akihema, amevaa nguo yake ndefu ya Jumapili, na alipojishusha kwenye kiti akaangua kicheko akasema, "Hii gari ni ya kukaa ama ni ya kulala? Niko chini kama nakamua ng'ombe!" Baba akaingiza pindo la nguo yake lisibanwe, akafunga mlango polepole, akabaki amesimama barabarani mpaka tukapotea kwenye kona. Tuliporudi nilipangusa alama za vidole mlangoni, maana rangi ile huonyesha kila kitu, na ndivyo nilivyo, mtu akiligusa sipati usingizi. Nakueleza haya ujue kwamba sikuwanyima wazazi gari langu. Mwezi haukuisha, presha ikamwangusha mama akiwa shambani, na hakufika hospitali akiwa hai.

Baada ya mazishi baba alinyamaza. Ni mtu aliyeendesha lori la kiwanda cha kahawa mpaka akastaafu, mtu wa kelele na utani, lakini sasa alikuwa anakaa tu kwenye kiti mlangoni pake akitazama njia, chai inapoa mkononi, tukamwita mchungaji, tukamwita dada yangu Kinya aliyeolewa Meru, na hakuna kilichosaidia. Halafu asubuhi moja nikasikia maji yanamwagika uani, nikatoka nikamkuta baba na ndoo, sabuni ya unga, na gunia la katani alilolikata vipande, anasugua gari langu kama alivyokuwa akisugua lori, na magurudumu tayari ameyapitia na ule waya wa kusugulia sufuria. Bi. Karambu, niliona kama ni ngozi yangu inayosuguliwa.

"Baba, hiyo gunia inakwaruza rangi," nikamwambia.

"Rangi gani? Hapa natoa uchafu. Enda kazi, utachelewa."

Rwamba alikuwa jikoni akasikia, akatoka na mwiko mkononi akanitazama, kwa sababu hayo ndiyo yalikuwa maneno mengi zaidi aliyoyatamka mzee tangu tuzike. Akampelekea chai akainywa yote, akauliza kama kuna nduma za kula. Basi nikanyamaza. Akawa anakuja kila asubuhi, akaanza kula, akaanza kuwatania watoto, huku gari langu likichorwa michirizi kote hadi jua likilipiga naona aibu kuliegesha mbele ya ofisi. Nilimnunulia glavu ya sufi akaigeuzageuza akauliza, "Hii ni ya mtoto?" na siku iliyofuata nikaiona jikoni kwake anashikia sufuria ya moto. Mlango wa kushoto ndio ulioharibika kuliko kote, sijui ni kwa nini, hapo hukaa muda mrefu, anasugua, anasuuza, anarudia, wakati boneti iliyojaa wadudu anaipitia mara moja tu na kuiacha. Na ukimwambia apande umpeleke Runyenjes akanyolewe, anakataa, anasema miguu anayo. Nikaanza kuona ni dharau, maana gari gani hilo la kusuguliwa kila siku lakini si la kukaliwa?

Sasa juma lililopita akafungua boneti na kumimina maji kwenye injini. Gari likakataa kuwaka, likavutwa mpaka Embu, na fundi wangu Nyaga akaniuliza mbele ya watu, "Bosi, hii gari unaoshea kwa mto?" Lilipotengenezwa nilirudi nalo nyumbani nimefura. Nikalifunika gari kwa turubai, nikanunua mnyororo na kufuli, nikafunga lango, na baba sikumwambia kitu, niliona afadhali kufuli imwambie kuliko mimi.

Asubuhi nilimsikia akifika. Akatikisa mnyororo mara moja, akangoja. Mimi nilikuwa dirishani, nimejificha nyuma ya pazia kama mwizi, ndani ya nyumba niliyojenga mwenyewe. Akaweka ndoo chini, akakunja lile gunia vizuri akaliweka juu yake, akashuka kilima.

Amerudi kwenye kile kiti chake na hasemi na mtu. Rwamba anasema nifungue lango, gari ni bati tu. Kinya anasema tumnunulie mbuzi wamshughulishe. Mwenzangu wa kazini, Mukiri, anasema nilipeleke gari likakae kwake mjini na nimwambie mzee nimeliuza. Ndoo bado iko pale langoni, na kila nikitoka naizunguka, siwezi kuiondoa. Nifanye nini, Bi. Karambu? Nifungue lango gari liishe, ama nilifiche nimpoteze baba? Kwani ni kosa mtu kukitunza kitu alichokitolea jasho?

Njeru, Karurumo

Bi. Karambu anajibu:

Njeru, pole kwa kufiwa na mama. Naanza na hilo kwa sababu wewe umelibana katikati ya barua, kati ya shampuu na gunia, kana kwamba lilikuwa linapita njia.

Swali lako la mwisho nalijibu upesi: hapana, si kosa. Ulijenga, ukasomesha, ukangoja zamu yako. Hapa kwetu Kaaga nawajua wanaume walionunua magari huku watoto wao wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na wewe si wa hao. Gari ni lako na furaha yake ni halali yako. Kama barua hii ingekuwa ya gunia na sabuni tu, ningekujibu kwa mstari mmoja na kuendelea na shughuli zangu.

Lakini wewe ni mpimaji wa ardhi. Kazi yako ni kuliona jiwe la mpaka hata likiwa limefukiwa na nyasi. Hili lililo nyumbani kwako limekupita vipi?

Unasema hujui kwa nini baba yako anausugua mlango wa kushoto kuliko kote. Unajua. Umeniandikia mwenyewe ni nani aliyeufunga mlango ule, na ni nani aliyekuwa ndani. Mzee huyu aliendesha lori la wenyewe maisha yake yote huku mkewe akitembea kwa miguu. Siku moja, moja tu, alimfungia mke wake mlango wa gari, gari la mtoto wao, akaangalia pindo la nguo lisibanwe, akasimama akamtazama akienda. Hapo ndipo anaporudi kila asubuhi. Na wewe unashangaa hataki kupanda? Si dharau, Njeru. Kwake kiti kile bado kina mwenyewe.

Wewe alama za vidole vya mama yako ulizipangusa siku ileile. Sikulaumu, hukujua. Lakini fikiria kidogo kuhusu yeye. Mzee wa kwetu hawezi kusimama uani kwako, watoto wakimtazama, akapapasa mlango wa gari na kulia. Akishika gunia na ndoo, kila mtu anaona yuko kazini, na hakuna atakayemuuliza lolote.

Hiyo ndiyo kazi uliyoifungia kufuli. Na kwa kufuli nakugombeza bila huruma. Ungemfokea ingekuwa afadhali, mzee wa lori anajua kujibu mtu anayefoka. Kufuli haijibiwi. Alitikisa mnyororo akangoja, na mwanawe yuko nyuma ya pazia! Ona haya, kisha usikae na hiyo haya mpaka ikuozee, kwa sababu kuna kazi ya kufanya.

Toa mnyororo leo, si wikendi. Mukiri mwambie ushauri wake akae nao, maana siku mzee atakapoligundua gari mjini atakuwa amefiwa mara ya pili na wewe utakuwa mwongo. Kinya naye asinunue mbuzi. Baba yenu hajakosa shughuli, amekosa mtu.

Kuhusu injini, hapo una haki yote, na umwambie waziwazi kwamba maji huko ndani hapana. Ni dereva, ataelewa kuliko unavyodhani, kwanza huenda alijua amekosea na ndiyo maana hakurudi kukuuliza. Mwachie kupima oili na upepo wa magurudumu, kazi aliyoifanya miaka yote bila kufundishwa na wewe. Glavu zako za sufi ziweke kabatini. Mkusanyie fulana zako kuukuu za pamba, zile laini zilizochakaa, uziweke juu ya gunia lake. Atazikubali kwa sababu ni matambara, na matambara anayajua. Bado kutakuwa na mchirizi hapa na pale. Utauvumilia. Michirizi iliyopo sasa mpelekee fundi wa rangi aiondoe taratibu, gari zima, isipokuwa mlango wa kushoto. Huo mwambie asiuguse.

Hayo yote ni ya baadaye. Kwanza ni mzee, na kwa mzee hutaenda kwa miguu.

Ngoja mvua inyeshe, huko kwenu haitachelewa. Litoe gari kwenye turubai, chukua ndoo na gunia pale langoni, uviweke nyuma, si kwenye kile kiti. Kisha shuka nalo ile barabara ambayo hujawahi kulipitisha. Nenda polepole. Likigusa chini na liguse, likikwama majirani watasukuma. Mama yako alipanda kilima kile akihema ili alifikie gari lako, na baba yako amekipanda kila asubuhi na ndoo mkononi. Safari hii gari ndilo litakalowafuata.

Ukifika usilipanguse. Liegeshe mbele ya kiti chake, mlango wa kushoto ukimwelekea, pamoja na tope lake lote. Usitoe hotuba. Usimwombe msamaha kwa maneno ya ofisini. Mwambie kwa lugha ya nyumbani, "Baba, gari limechafuka," kisha uchukue ile ndoo ukachote maji.