Kabati la Milango Inayopeana Mgongo

Mpanda, kiangazi, 1996

Mama Rehema,

Barua za watu huanza kwa kuulizana hali, na mimi nimekwama hapohapo tangu nilipokaa hapa uani na kalamu. Nikuulize hali gani? Basi naanza na vitunguu, maana najua ungeviulizia. Vile ulivyovitundika ndani ya mlango wako, kwenye wavu uliousuka kwa kamba ya katani, vimechipua. Majani yamepenya kwenye matundu ya wavu, marefu, meupe kwa kukosa jua. Upande wako wa kabati ulikuwa umefungwa tangu siku tuliyokutoa humu ndani, hatukujua kinachoendelea huko. Namna ulivyofunguliwa ndiyo habari yenyewe niliyokuja nayo, na inamhusu mwanao, kwa hiyo nivumilie.

Unakumbuka kabati hili lilivyoingia? Kabla yake vyombo vyetu vilikaa chini, kwenye boksi la sabuni na madebe yaliyopangwa ukutani, panya wakila kwa zamu kama sisi. Mimi nilikuwa msichana wa kijiji cha Magamba, mke wa pili, nimeletwa kwenye nyumba yako na jiko lako bila wewe kuulizwa. Ulinichukia, na ulikuwa na haki. Sukari ikipungua, mwizi ni mimi. Mafuta yangu yakimwagika, nasema wewe umeyapiga kikumbo makusudi nionekane mzembe. Baba Rehema akirudi kutoka dukani anakuta nyumba nzima imenuna, hata kuku.

Ndipo akaenda kwa Fundi Kulwa na akili yake mpya. Alitaka kabati la mninga, milango miwili, ubao katikati kutoka juu hadi chini, kila mke na kufuli lake. Tena bawaba zote mbili zikae pale katikati, ili tukifungua, milango isimame kama ukuta na mtu asione cha mwenzake. Kulwa alimwambia, "Mzee, kabati halifungwi hivyo, milango itapeana mgongo." Mume wetu akasema, "Wapeane tu, nyumba itulie." Alirudi anajiona mwerevu kuliko wanaume wote wa mtaa wetu wa Kashaulili, nawe ukaniangalia mara moja tu, na nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza tulipotaka kucheka pamoja. Hatukucheka.

Upande wako wa kulia ulikuwa wa kutazamwa. Mchele wa Majimoto, unga wa muhogo na maharage chini kabisa, maana ni vizito. Chumvi, majani ya chai na sukari usawa wa mkono. Iliki na vikombe vya wageni juu, kule mkono unakofika siku ya sikukuu tu. Vifuniko vya sufuria uliviwekea vijiti vikasimama wima kama sahani za dukani, na miiko ikaning'inia kwenye misumari uliyoikunja mwenyewe. Hata miguu ya kabati ni wewe uliyeisimamisha kwenye makopo ya maji yenye mafuta ya taa, sisimizi wakabaki chini wanatazama. Mimi nilijaza upande wangu kama mtu anayeanua nguo na mvua imeshaanza. Nikivuta sufuria, vifuniko vinaporomoka, na nyuma ya mlango wako nasikia unachekea puani.

Tulikaa hivyo muda mrefu. Asubuhi kila mmoja anafungua mlango wake, anachukua vyake vya chai, anafunga. Mpaka ile asubuhi nilipofungua kopo la dagaa, harufu ikanipiga, nikashika rafu nisianguke. Ukauliza kutoka huko uliko, bila kuniona uso, "Wewe, una mimba?" Mkono wako ukapita chini ya milango na kipande cha udongo, ule wa kutafuna. Nilikitafuna huku nalia, na sikujua nalia nini.

Mimba ile haikukaa, unajua. Iliharibika kabla majirani hawajaihisi, na hata Baba Rehema nilimwambia baadaye sana. Wewe nilikuambia siku ileile, nimesimama kwenye mlango wangu, nawe kwenye wako. Ukaanza kunieleza jinsi ya kupanga makopo yangu. Cha kila siku mbele, mwanangu. Cha sikukuu nyuma. Kizito chini kisikuue. Uliniita mwanangu siku hiyo, na sijui kama ulijisikia ukisema.

Tangu hapo tukawa watu wa kuongea pale. Barazani hatukuwa na la kusema, macho yako yalikuwa makali na mimi mwoga. Lakini milango ikishasimama katikati yetu nilikuwa sikuoni, na nisipokuona sikukuogopa. Uliniambia kwamba siku niliyoletwa ulilia chooni, ukanawa uso, ukaja kunipokea. Ungekuwa unanitazama usingeniambia. Na Rehema akiwa mdogo alikaa kwenye kigoda, pale milango inapoishia, akitupitishia vitu. Mpe mama yako mdogo bizari. Mrudishie mama kisu chake. Tulimfanya daraja, maskini, na sisi tukaona anacheza tu.

Sasa nije kwenye yaliyotokea.

Homa ilikuchukua upesi mno, Mama Rehema. Nilikuwa nimekuwekea uji upoe. Nimekasirika nawe kwa jambo hilo, nakuambia ukweli, nimekasirika kama vile uliondoka bila kuaga kwa makusudi. Ufunguo wako, ule uliokuwa ukiufunga kwenye pindo la khanga, Baba Rehema alimpa mtoto. Rehema akautia uzi, akauvaa shingoni, na akaacha kusema. Si kwamba aliugua. Alikula, alifagia, alikwenda shule, ukimwita anakuja. Ila neno hakutoa. Mwalimu aliuliza, shangazi zake waliuliza, sheikh alimsomea. Akawa anaitikia kwa kichwa tu.

Kwenye hitima ya arobaini kaka yako alikuja kwa treni kutoka Tabora. Ni mtu mwema, sitaki umfikirie vibaya. Alituambia mama yenu anamtaka mjukuu wake, mtoto wa kike akiwa hana mama hukaa kwa bibi. Kisha akainamisha kichwa akasema, "Na hapa amebaki na nani? Mke mwenza?" Hakusema kwa ubaya. Lakini mimi sina mtoto, na watu wanajua wanayoyasema kuhusu mke mwenza asiye na mtoto. Nilisikia uso unaniwaka. Baba Rehema unamfahamu, hawezi kubishana na shemeji yake. Akasema mtoto aulizwe. Kaka yako akakubali, ila aseme kwa mdomo wake, kichwa hakitoshi, na asiposema wataondoka na treni inayofuata.

Tukamuuliza. Alitutazama mmoja mmoja, akashika ufunguo wake, akanyamaza.

Nilihangaika, dada yangu. Nilimpikia mihogo ya nazi, nikamsuka nywele, nikamwita majina yote mazuri niyajuayo. Nikaona kinachomzuia ni kabati. Nikajiambia mtoto akiliona hivi anajua kuna kwetu na kwao, na yeye kwao kumekufa. Nikamwita Kulwa aje ang'oe ubao wa katikati na kuhamishia bawaba pembeni, liwe kabati la watu wa nyumba moja. Kulwa alifurahi kupita kiasi. Alisema kabati hili limemwaibisha miaka yote, kila mgeni akiliona anauliza fundi gani huyu alikuwa amelewa.

Alipoweka tindo kwenye ubao, Rehema aliingia mbio akasimama mbele ya mlango wako, mikono imetandazwa. Hakulia wala hakusema, lakini macho yake! Yalikuwa yako kabisa, yale makali. Kulwa akashusha nyundo. Akaniuliza, "Mama, nipige ama niache?" Nikamwambia akapumzike nje, nitamletea uji. Rehema akabaki palepale.

Basi nikafungua mlango wangu nichukue sukari ya huo uji. Sukari nikaiona, iko mbele, mahali uliponielekeza wewe. Nikashindwa kunyoosha mkono. Nilisimama pale nyuma ya mlango, nikalia kama sikuwahi kulia msibani, maana msibani nilikuwa napikia watu. Niliona yote yamekwisha. Treni ilikuwa ya kesho yake.

Nikasikia ufunguo unazunguka.

Mlango wako ukafunguka, ukaja ukagusana na wangu kama zamani, na ile harufu ya iliki ikatoka. Nikajifuta machozi. Kisha sauti ikasema kutoka upande wako, sauti nzito ya mtu ambaye hajaitumia, "Mama mdogo, huku vitunguu vimeota."

Sikumchungulia. Nilitaka, Mungu anajua, nilitaka nizunguke nimkumbatie. Lakini nilijua pale mtu huachwa aseme. Nikamjibu tu, nimesikia. Kisha akauliza, "Nikienda Tabora, nani atasimama huku?"

Ningeweza kumwambia usiende. Nilimwambia kweli, kwamba hakuna, upande huo nitaufunga na ufunguo atakwenda nao. Nikamsikia anavuta pumzi. Akaanza kushusha vitu, kopo kwa kopo, anavifuta vumbi, anavirudisha. Akasema vifuniko vya sufuria havifikii, rafu iko juu. Akasema chumvi imeganda. Akasema, "Basi nitasimama mimi." Nikamwambia akamwambie mjomba wake. Akanijibu, "Kamwambie wewe, mimi napanga." Mama Rehema, nilicheka na machozi yangu vilevile, maana aliyenijibu vile ni wewe.

Alimwambia mwenyewe jioni hiyo. Kaka yako alimkalisha karibu, akamuuliza mara mbili, akaridhika. Ameondoka peke yake na mfuko wa mchele wa mama yenu na asali, na ahadi kwamba likizo Rehema atapelekwa kumwona bibi. Alipoagana nami aliniita shemeji, kisha akasita, akaniita dada. Nilishukuru.

Kulwa hakung'oa kitu. Nilimwomba ashushe rafu yako ya vifuniko mpaka pale mkono wa Rehema unapofika, na amtengenezee kibao cha kupandia kwa ajili ya vikombe vya wageni. Bawaba aliniuliza tena, kwa huruma kabisa, kama kweli tunataka zibaki. Nikamwambia zibaki. Ametikisa kichwa, amekwenda zake na aibu yake.

Vitunguu tumevipanda nyuma ya jiko, karibu na panapomwagwa maji ya vyombo. Rehema bado haongei sana. Shuleni ameanza kidogo, mezani maneno mawili matatu. Lakini asubuhi milango ikifunguka hunieleza mengi, hata ya kunitoa jasho. Leo ameniuliza kama wewe ulinipenda. Nilijibu kwamba ulinichukia kwanza, na ulianza kunipenda kwa udongo. Ameridhika. Mimi ndiye niliyelazimika kujificha kwenye makopo yangu.

Nakuaga sasa, uji unataka kukorogwa. Ulale salama, mwenzangu, Mungu akupanulie huko ulipo. Nakuahidi hivi: ubao ule hautaguswa nikiwa hai, na kila asubuhi nitafungua mlango wangu kwanza, nisimame, nisichungulie, nisubiri mpaka wa kwako ufunguke.

Mimi wa mlango wa kushoto,
Asha