Kidole Nilichokipaka Rangi Mara Mbili

Alhamisi, katikati ya Julai. Sotik.

Baridi ya leo ni ile inayoingia mpaka ndani ya viatu. Ukungu ulilalia majani chai hadi saa nne, na nilipofungua saluni sikuwasha hata redio. Nilikuwa nasubiri Mama Nyaboke anipigie kwamba amefika, twende Kericho kuchukua majibu yake hospitalini.

Wengi mnaosoma blogu hii mnafanya kazi kama yangu, wengine ni wateja wetu. Huwa nawaandikia jinsi ya kutunza ngozi, kucha na miguu. Leo naandika jambo ambalo sikutaka kuliandika. Niliona kitu kibaya kwenye kidole cha mteja wangu, nikakifunika kwa rangi.

Mara mbili.

Mama Nyaboke ni Mkisii, ameishi huku Sotik zaidi ya miaka thelathini. Ana shamba la majani chai analolichuma mwenyewe na ng'ombe wawili wa maziwa. Si mtu wa saluni. Alikuja kwangu mwezi wa tatu kwa sababu binti yake Nyaboke alikuwa anaolewa, na yeye mama alikuwa amenunuliwa viatu vya wazi. Aliingia akificha miguu chini ya kiti. Tangu awe mtu mzima hakuna aliyewahi kumshika nyayo, kwa hivyo nilipoanza kumsugua visigino alicheka mpaka machozi yakamtoka. Nilimpenda hapo hapo.

Kwenye ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia kulikuwa na mstari mweusi, mwembamba, kuanzia kwenye mzizi wa ukucha mpaka nchani. Ungedhani mtu amepiga laini kwa biro.

Nilimuuliza. Akasema, "Hiyo ni gambuti. Inanifinya."

Nikakubali. Wanawake wengi hapa wanaoshinda shambani na mabuti ya mpira huwa na kucha zilizopondeka. Na sisi watu weusi, mistari kwenye kucha si kitu kigeni. Hata mimi ninayo kwenye vidole vitatu vya mkono. Lakini yangu ni hafifu, na haijabadilika tangu niwe msichana. Wake ulikuwa mmoja, kwenye ukucha mmoja, mweusi tii. Mwalimu wetu chuoni alitufundisha tofauti. Alisema damu iliyovilia chini ya ukucha husogea mbele ukucha unapokua, mwishowe ikakatwa pamoja nao. Mstari usiosogea, na hasa unaopanuka, usibishane nao, mpeleke mtu kwa daktari. Nililitafuta daftari langu la chuo juzi. Maneno hayo yapo, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na nimeyapigia mstari.

Siku ile watu walikuwa wamejaa kwenye benchi na harusi ilikuwa kesho yake. Nilichagua rangi ya damu ya mzee, nikapaka tabaka mbili. Akapendeza sana.

Mwezi wa tano akarudi. Nilipofuta rangi, mstari ulikuwa umepanuka, sasa unatoshana na njiti ya kiberiti. Nilikaa nimeushika ule mguu. Nakumbuka vizuri kwamba nilikaa. Halafu akaanza kunisimulia vituko vya mkwe wake, nikacheka, nikafungua chupa, nikapaka.

Nimejiuliza kama ule ulikuwa uzembe au woga. Nadhani niliogopa kumharibia siku, na nikaogopa kuonekana najifanya daktari.

Wiki tatu zilizopita alikuja mara ya tatu. Pamba ilipopita mara moja tu nikaona. Weusi ulikuwa umevuka ukucha na kumwagikia kwenye ngozi ya kidole, kama wino kwenye karatasi yenye maji. Ukucha wenyewe ulikuwa umepasuka katikati.

Nikaweka pamba chini. "Mama, leo sipaki."

"Kwani rangi imeisha?"

"Haijaisha. Hiki kidole nataka kionwe na daktari wa ngozi. Wiki hii."

Alinikazia macho. "Chelangat, wewe si daktari. Kazi yako ni rangi. Paka rangi niende, ng'ombe wananingoja."

"Ndiyo maana sipaki, Mama. Mimi si daktari."

Akavaa viatu vyake, akatoka bila kuniaga.

Kesho yake asubuhi nilienda kwake. Nilimkuta shambani, kikapu mgongoni, mvua inanyunyiza. Akaendelea kuchuma kana kwamba mimi ni kigingi cha ua. Nikamwambia nitasimama hapo mpaka kikapu kijae, na kikijaa nitamsindikiza hadi kituo cha majani chai, na kesho nitarudi tena. Alichuma safu nzima kabla ya kunijibu.

"Kinauma usiku," akasema, bila kugeuka. "Sijaambia mtu."

Siku mbili baadaye tulikuwa mbele ya daktari wa ngozi. Alikishika kidole kile kwa upole, akakiangalia kwa kioo chenye taa, kisha akamuuliza, "Huu weusi umekuwa hapa muda gani?"

"Siwezi kujua, daktari," Mama Nyaboke akasema. "Huwa umepakwa rangi."

Daktari aliandika. Mimi nikaangalia sakafu.

Ningesema pale pale, "Mimi najua. Tangu mwezi wa tatu." Maneno hayo hayangechukua hata dakika. Sikuyasema. Wakamchoma sindano ya ganzi, wakakata kipande kidogo cha kupimwa, tukaambiwa turudi leo. Mama akanishukuru njia nzima ya kurudi. Alinibariki kwa Kiswahili, akarudia kwa Kikisii.

Sijawahi kubarikiwa nikaumia hivyo.

Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Nilimweleza Chebet, mwenzangu tunayefanya kazi naye saluni moja. Chebet si mtu mbaya, na aliponiambia ninyamaze alikuwa anatetea sahani yangu na yake. "Wewe ndiye umempeleka hospitali," akasema. "Hiyo inatosha. Ukifungua mdomo, Sotik nzima itasema kwetu watu wanapakwa saratani." Kwa siku kadhaa nilijaribu kuamini kwamba inatosha.

Leo daktari hakuzungusha maneno. Alivuta kiti karibu, akamwambia ni saratani ya ngozi, aina inayoanzia chini ya ukucha. Alimpapasa kwenye kinena kuona kama imesambaa, hakukuta uvimbe. Akasema bado haijaingia ndani sana, lakini sehemu ya juu ya kidole lazima iondolewe, na itabidi apimwe mara kwa mara baada ya hapo. Jumanne alazwe.

Mama Nyaboke aliuliza swali moja tu. "Nitaweza kuvaa gambuti?"

"Utavaa," daktari akasema. "Ila ununue inayokutosha."

Tukatoka, tukakaa kwenye benchi la nje. Watu walikuwa wakipita na bahasha zao za vipimo. Mama alikuwa ameshika mfuko wake mapajani kwa mikono yote miwili, na nikaona kwamba nikiingia njia ya kurudi bila kusema, sitasema kamwe.

"Mama, niliuona ule mstari tangu siku ya kwanza. Na mwezi wa tano niliona umekuwa mkubwa. Nikapaka rangi juu yake."

Hakugeuka. "Ulikuwa unajua ni saratani?"

"Sikujua. Lakini nilifundishwa kwamba mstari kama huo mtu apelekwe hospitali. Na daktari alipouliza, nilinyamaza."

Alingoja mwanamke aliyekuwa karibu nasi ainuke aende.

"Mimi nimeishi na hiki kidole," akasema mwishowe, "nikakiosha, nikakivalisha soksi, nikakidanganya. Sitakuwekea yote wewe. Lakini mimi sikusomea, Chelangat. Wewe ulisomea."

Nikasema ndiyo.

"Basi Nyaboke utamwambia wewe. Kwa mdomo wako."

Halafu akafanya kitu ambacho sikukitarajia. Akainama, akavua kiatu cha kushoto na soksi, akauweka mguu kwenye benchi kati yetu. Kucha zake bado zilikuwa na rangi yangu ya mwezi wa tano, imebanduka banduka. "Toa hii takataka," akasema, "uangalie na huu."

Nilikuwa na chupa ndogo ya asetoni na pamba kwenye mkoba, kama kawaida yangu. Nikapiga magoti kwenye saruji, mbele ya watu wote wale, nikafuta ukucha mmoja baada ya mwingine. Nikaangalia katikati ya vidole, chini ya wayo, kwenye kisigino. Sikuharakisha. Hakukuwa na kitu. Nilipomwambia, alipumua kwa nguvu. Nikamvalisha soksi.

Nyaboke alikuja kwa mama yake jioni. Nilimweleza yote, tukiwa tumesimama jikoni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, ili mama yake asisikie, "Usimguse mamangu tena," akafungua mlango na kusubiri nitoke.

Nimetoka. Ana haki yake.

Lakini nilipofika barabarani, Mama Nyaboke alinipigia. Hakutaja ya binti yake. Alisema tu, "Jumanne saa mbili. Usichelewe." Akakata.

Sijui nitaingiaje hospitali ile na Nyaboke amesimama pale. Nitaingia.

Chebet nimemwambia kwamba nimesema kila kitu, na kwamba naandika hapa pia. Amenuna. Labda atatafuta chumba kingine, labda wateja watapungua. Nimemwambia jambo moja, na ninawaambia na ninyi wa kazi hii. Ukishafuta rangi ya zamani, usifungue chupa mpya papo hapo. Mpeleke mteja dirishani, uangalie kucha zikiwa tupu. Ukiona mstari mmoja mweusi usioeleweka, doa linalobadilika, kidonda kisichopona, mwambie kwa upole na usimpake. Akikasirika, akasirike akiwa hai. Na wewe mteja, usiruhusu miguu yako ipakwe mwezi baada ya mwezi bila wewe mwenyewe kuiona ikiwa mitupu.

Nilidhani nikishaandika haya kifua kitakuwa chepesi. Hakijawa. Kwa sababu nimekaa hapa nikipitia kichwani miguu yote niliyoishika mwaka huu, na kuna mmoja unaokataa kuondoka. Mwalimu mmoja wa Siongiroi. Chini ya wayo wake wa kushoto kuna doa jeusi, kingo zake hazijanyooka. Nililiona mwezi wa pili. Nikapaka mafuta, nikaendelea.

Namba yake ninayo. Nitampigia asubuhi, kabla sijafungua mlango wa saluni.