Ukosi wa Joho la Mfalme

3 Machi

Baba, shikamoo.

Magoti yanasemaje leo? Mimi mzima, kazi tele. Ile filamu ya mfalme aliyepinduliwa imetoka! Joho lake jekundu tulilishona watu tisa hapa karakana, lakini ukosi wa nyuzi za dhahabu ni wangu peke yangu. Nenda ukauone, na usisinzie. Kisha uniambie ukweli, kama fundi.

Mwanao

19 Machi

Marahaba, mwanangu.

Magoti yananung'unika, ila yalinifikisha. Nimeiona mara tatu, mpaka mkata tiketi ananiita Mzee wa Mfalme. Loo, makubwa! Farasi hawahesabiki, kasri linawaka moto ukuta mzima. Mimi macho kwenye ukosi tu.

Halafu wakamvua joho mbele ya raia wake. Picha ikasogezwa karibu, ukosi ukajaa ukumbi. Mama aliyekaa pembeni yangu alimlilia mfalme. Nami nililia, ila si kwa ajili yake.

Mishono yako inalalia kushoto. Nimekufundisha tangu una miaka saba, na siku zote inalalia kulia. Na barua zako, mwaka wa pili sasa ni za kompyuta. Kumbe mimi najisifu kwa majirani kwamba umekuwa bibi mkubwa, huandiki tena kwa mkono!

Mkono wako wa kulia una nini?

Baba yako

22 Aprili

Mwanangu, hujambo huko?

Kimya chako kinanitia homa. Sijakasirika, wallahi. Niambie tu.

Baba yako

30 Mei

Baba, shikamoo. Nisamehe.

Ni kule nilikokuwa kabla ya hapa, kiwanda cha kufulia nguo. Pasi kubwa ya mvuke ilinibana mkono. Vidole vitatu havikunjiki tena. Nilijifungia chumbani miezi mitano nikijifunza kushona kwa kushoto. Hapa wanadhani nina mashoto tangu kuzaliwa.

Ndiyo maana nilikutuma sinema. Nilijiambia, baba asipoona kitu, basi nimepona.

Usihangaike kuja. Najua huna uwezo, na magoti hayo.

Mwanao

14 Juni

Marahaba, mama yangu.

Nimeufunga mkono wangu wa kulia kwa kitambaa, wiki nzima nashona kwa kushoto. Nilitaka nikutafutie njia nyepesi. Nimejichoma sindano mpaka wateja wananionea huruma. Pindo moja la suruali, siku nzima, na bado limekwenda upogo. Miaka arobaini ya ufundi, na sina hata kimoja cha kukufundisha. Nimekaa hapa dukani nalia kama mtoto.

Jana nilirudi kwa mfalme wako. Kama fundi, nakwambia ukosi ule ni safi kuliko wowote niliowahi kushona. Kama baba, natamani nisingeuona.

Humu kwenye bahasha kuna lile pindo langu. Liweke karibu na kazi yako, ucheke kidogo. Nimetafuta nyumba nzima, sina kingine cha kukutumia.

Baba yako